BARUA YA NYUMBANI ISISOMWE NJIANI

Ndugu wasomaji, mke wa askari mmoja ametuletea swali ambalo bila shaka lawahusu wengi kambini na vituoni. Mumewe yuko kazini mbali, nao huandikiana kwa barua pepe habari za karo, za ugonjwa wa mtoto na za fedha zilizo benki. Yeye hutumia programu ya Thunderbird katika kompyuta. Mumewe hutumia simu. Auliza: atajuaje kwamba barua hizo hazisomwi njiani?

Kwanza tuifahamu safari yenyewe. Barua hutoka katika programu yako, ikaingia katika seva ya kampuni inayokuhudumia, kisha ikapelekwa kwa seva ya mwenzako, naye akaichukua huko. Njia ya kutuma huitwa SMTP. Njia za kupokea ni mbili: POP, ambayo kwa desturi huichukua barua na kuiondoa katika seva, na IMAP, ambayo huiacha huko. Mwenye simu na kompyuta pia yafaa achague IMAP, apate kuzisoma barua zile zile kotekote.

Sasa fungua mipangilio ya akaunti. Kwa IMAP andika mlango 993, na mahali pa usalama uchague SSL/TLS. Kwa POP, mlango ni 995. Kwa kutuma, andika 465 pamoja na SSL/TLS, au 587 pamoja na STARTTLS. Mlango 465 hufungwa kwa siri tangu mwanzo. 587 huanza wazi, ndipo hufungwa kabla ya nywila kutumwa. Programu hutofautiana kwa sura, lakini tarakimu hizi ni zile zile. Ukikuta 143 au 110 bila usalama wowote, badilisha upesi, kwa maana nywila yako yaweza kupita wazi mbele ya yeyote anayeuchungulia mtandao wa hotelini.

Aidha, Gmail na Outlook.com hutaka uingie kupitia ukurasa wao wenyewe. Hapo katika Thunderbird chagua OAuth2. Na programu ikikuonya kwamba cheti cha seva hakiaminiki, usikubali kwa haraka. Tazama kama tarehe ya chombo chako ni sahihi, na kama jina la seva umeliandika sawasawa. Lisipopatikana kosa, acha, uwaulize wenye huduma.

Hata hivyo, hayo yote huifunga njia tu. Barua ikiisha kufika katika seva, wenye seva waweza kuisoma. Atakaye kuifunga barua yenyewe atumie OpenPGP, ambayo imo ndani ya Thunderbird tangu toleo la 78 la mwaka 2020. Kila mmoja huwa na funguo mbili: wa wazi ampao mwenzake, na wa siri asioutoa kamwe. Wote wawili sharti wawe nazo. Ufunguo wa siri ukipotea bila nakala, barua za zamani hazifunguki tena. Tena majina ya waandikianao na saa ya kutuma hubaki wazi.

Kwa hiyo, ndugu askari, habari za zamu na safari za kikosi usiziandike hata katika barua iliyofungwa. Siri ya mtungi aijuaye kata.