Paka Wakilambana, Wanaambiana Nini?

Juma hili ukurasa wetu unaelekea kusini, kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika, katika mji wa Rumonge ulio kilomita zipatazo 75 kutoka Bujumbura. Mji ule huishi kwa samaki na kwa mawese. Usiku wavuvi huingia ziwani na taa zao, nuru huwavuta ndagala, na alfajiri vyombo hurejea mwaloni. Ndagala huanikwa juani, ama juu ya vichanja vya wavu wa chuma, ama mchangani. Palipo na ndagala na ngazi za michikichi hapakosi panya, na palipo na panya na vichwa vya samaki hapakosi paka. Si ajabu mpita njia akawakuta wawili wamejilaza kivulini ubavu kwa ubavu, mmoja amemwinamia mwenzake akimlamba kichwa na shingo kwa utulivu kama mama amsukaye bintiye nywele.

Watu wengi hujiuliza: je, hayo ni mapenzi? Na kama ni mapenzi, mbona mara nyingine ulimi hugeuka jino, na wale wawili waliokuwa wakilambana wakaanza kupigana makofi? Aghalabu mwenye nyumba huamua kuwa paka wake wamechukiana. Mmoja hutiwa guniani akaenda kutupwa mbali, na baada ya miezi michache panya huingia katika akiba ya nyumba. Tena iko hasara nyingine iliyo kubwa zaidi: paka wawili kufa kwa pamoja kwa sababu mmoja amelamba sumu iliyokuwa katika manyoya ya mwenzake. Kwa hiyo yafaa sisi wenye nyumba tuielewe desturi hii.

Kwanza tujue asili ya paka. Paka wetu wa nyumbani ametokana na kimburu, yule paka wa mwituni apatikanaye Afrika na Mashariki ya Kati. Uhusiano wake na binadamu ni wa kale mno: mwaka 2004 ilitangazwa kuwa katika kisiwa cha Cyprus limevumbuliwa kaburi la miaka ipatayo 9,500, ambamo paka alizikwa karibu na mtu. Lakini kimburu ni mnyama wa upweke. Huwinda peke yake, na hula peke yake. Basi paka wa nyumbani alijifunza wapi kuishi na wenzake?

Jibu limo katika chakula. Mahali ambapo chakula ni haba na kimetawanyika, paka hutawanyika nacho. Mahali ambapo chakula kinapatikana kwa wingi pamoja, paka hukusanyika. Mfano ulio karibu sana na hali ya Rumonge watoka Japani, katika kisiwa kidogo cha wavuvi kiitwacho Ainoshima. Huko wataalamu waliwachunguza paka wapatao 200 wasio na mwenyewe, wakaona kuwa wamejigawa makundi makundi, kila kundi likizunguka jaa lake la mabaki ya samaki. Kundi la namna hiyo aghalabu hujengwa na majike wa ukoo mmoja: mama, binti, dada na shangazi. Katika shamba moja la Devon, Uingereza, watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford waliona mwishoni mwa miaka ya 1970 kwamba majike hao hata hunyonyeshana watoto. Ndiyo kusema, katika jamii ya namna hii ndipo kulambana kunapopata maana.

Maana ya kwanza ni ujamaa. Paka hamlambi kila paka. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2003 na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Georgia, Marekani, ulionyesha kuwa paka hupendelea kukaa karibu na kuwalamba wale walio ndugu zake, na pia wale aliokaa nao muda mrefu. Undugu una uzito wake, na mazoea yana uzito wake. Ukiwaona wawili wakilambana, jua kuwa wanahesabiana kuwa watu wa nyumba moja.

Maana ya pili ni usafi. Tazameni vizuri: ulimi wa mwenzake hupita zaidi kichwani, masikioni na shingoni. Hapo ndipo mahali ambapo paka hawezi kujifikia kwa ulimi wake mwenyewe, naye hulazimika kulowesha kiganja na kujipangusa. Ulimi wenyewe ni chombo cha ajabu. Ukiugusa waona unakwaruza kama msasa. Mwaka 2018 wataalamu wa Marekani walieleza kuwa ile miiba midogo iliyo juu ya ulimi ina uwazi kwenye ncha zake mfano wa kijiko, nao huyachota mate na kuyafikisha hadi kwenye ngozi, chini ya manyoya. Kwa hiyo ulimi ule ni chanuo na sifongo kwa wakati mmoja. Kazi yake si ya urembo tu. Mwaka 2000 ilithibitishwa kwamba paka waliovishwa kola pana ya kuwazuia kujilamba walikuwa, baada ya majuma matatu, na viroboto takriban mara mbili ya wale walioachwa huru.

Maana ya tatu ni harufu. Sisi binadamu hutambuana kwa sura na sauti, lakini paka hutegemea sana pua. Wanapolambana na kusuguana mashavu, huchanganya harufu zao hata ikawa moja. Harufu hiyo ndiyo hati yao ya njia, mfano wa neno la siri ambalo askari wa zamu hulidai kwa mtu ajaye gizani. Mwenye harufu ya nyumba hupita. Asiye nayo huulizwa kwa makucha.

Maana ya nne ndiyo inayowashangaza wengi, nayo ni cheo. Mwaka 1998 mtafiti mmoja wa Uholanzi alichapisha matokeo ya kuchunguza kundi la paka waliofugwa pamoja ndani ya uzio. Aliona kuwa mara nyingi mwenye cheo cha juu ndiye humlamba wa chini, wala si kinyume chake. Mlambaji aghalabu husimama au huketi wima, na mlambwaji hukaa chini au hulala. Tena mara nyingi ni mlambaji, si mlambwaji, aliyeonyesha ukali. Mtafiti huyo alifikiri kuwa huenda kulambana ni njia ya kupunguza uhasama ambao, kama si ulimi, ungetoka kwa meno na makucha. Kwa hiyo jino dogo linalofuata ulimi halina maana kwamba urafiki umekufa. Wahenga walisema wagombanao ndio wapatanao. Paka wawili wanaotiana kofi moja kisha wakalala kwenye mkeka mmoja hawana haja ya kutenganishwa.

Uadui wa kweli una dalili nyingine. Mmoja humkazia mwenziwe macho kwa muda mrefu. Humziba njia ya kwenda kwenye chakula au mlangoni. Yule mwingine hujificha juu ya kabati, hukonda, na hutoka tu wakati mwenziwe amelala. Hapo ndipo pa kuingilia kati. Lakini kutolambana peke yake si uadui. Wako paka waishio pamoja kwa salama miaka yote bila kulambana hata siku moja.

Sasa tuyageuze maarifa haya yawe faida ya nyumbani. Familia za askari huhama mara kwa mara. Uhamisho hutoka, vyombo hufungashwa, na paka hutiwa kikapuni. Mwaka 2024 maji ya Ziwa Tanganyika yalipopanda na kuingia katika makazi ya ufukoni, familia nyingi zilihama kwa lazima. Katika safari za namna hiyo paka wa nyumba mbili hujikuta chini ya paa moja ghafula, nao hupigana kwa kuwa kila mmoja ananuka ugeni. Msiwatupe pamoja chumbani ili “wazoeane”. Mgeni awekwe chumba chake. Mpanguseni kwa kitambaa mashavuni, kitambaa hicho kiwekwe mahali alalapo mwenyeji, na cha mwenyeji kipelekwe kwa mgeni. Walisheni pande mbili za mlango mmoja uliofungwa. Baada ya siku kadhaa, wakila bila kunguruma, mlango ufunguliwe kidogo kidogo. Huenda kazi hii ikachukua majuma mawili au zaidi. Sahani zao ziwe mbalimbali. Fanyeni vivyo hivyo kwa paka aliyerudi kutoka kwa mganga wa mifugo, kwani harufu ya dawa humfanya aonekane mgeni hata kwa ndugu yake.

Jambo la pili ni sumu, nalo tunaliomba lizingatiwe sana. Kilicho katika manyoya ya paka mmoja kitaingia matumboni mwa wote wanaomlamba. Nyumba za wavuvi na za askari hazikosi mafuta ya taa, mafuta ya mashine, rangi na dawa ya unga ya kuulia panya. Paka akimwagikiwa na mafuta, mtengeni na wenzake mara moja, mwosheni kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, mkausheni, kisha mpelekeni kwa mganga wa mifugo. Msimlazimishe kutapika, maana mafuta hayo yaweza kuingia mapafuni. Hatari kubwa zaidi ni dawa za viroboto zilizotengenezwa kwa ajili ya mbwa, hasa zile zenye permethrini. Ini la paka haliwezi kuivunja dawa hiyo kama livunjavyo la mbwa. Paka hutetemeka, hutokwa na mate, hushikwa na degedege na hufa. Wako paka waliodhurika bila kupakwa chochote, ila kwa kumlamba au kulala na mbwa aliyepakwa. Someni karatasi ya dawa, na kama haikutaja paka, msimpake.

La tatu ni viroboto wenyewe. Paka akimmeza kiroboto mwenye mbegu za tegu, hupata tegu. Kwa sababu paka wanalambana na kulala pamoja, kumtibu mmoja na kuwaacha wengine ni kuteka maji kwa pakacha. Watibuni wote siku moja, na mikeka ioshwe na kuanikwa juani.

La nne ni ugonjwa. Paka aachaye kujilamba, manyoya yakasimama na kuchakaa, huenda anaumwa. Paka ajilambaye mahali pamoja hadi ngozi ikawa uchi naye anaumwa, ama ana viroboto, ama ana hofu.

La mwisho linawahusu watoto. Paka akimlamba mtoto mkono, kwa kawaida amemhesabu kuwa wa nyumba. Lakini mate ya paka yasifikie jeraha wala macho. Na mtoto akiumwa na paka yeyote, kidonda kioshwe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha apelekwe hospitali bila kungoja kesho, kwa kuwa kichaa cha mbwa huwapata paka pia, na dalili zake zikishatokea kwa mtu, karibu hakuna aponaye.

Basi, ndugu msomaji, utakapowaona tena paka wako wakilambana kibarazani, waache wamalize kazi yao. Wanajenga nyumba yao ndani ya nyumba yako. Kazi yako ni kuhakikisha kuwa manyoya wanayoyalamba ni safi.