TAMKO LA TAWI: ANAYEMPIGA ASIWE NDIYE ANAYEMSEMEA



Tamko hili ni refu kuliko matangazo ya vikao mliyoyazoea hapa. Tunaomba lisomwe lote. Sauti yake kwa Kisukuma itafuata jioni kwa ajili ya wenzetu wasioona na wasiojua kusoma. Mwenye simu amsikilizishe jirani yake asiye nayo.

Tunaanza na kosa letu wenyewe. Mhusika ametupa ruhusa kulieleza, bila jina lake wala la mtaa wake.

Mama mmoja kiziwi alifika asubuhi kwa balozi wake, jicho limevimba, mkono wa kushoto hauinuki. Alikuja na wifi yake. Balozi, mtu mzima na mwenye nia njema, akamuuliza wifi: kuna nini? Wifi akajibu kwamba ameteleza kisimani akiwa na ndoo. Yule mama akawa anatikisa kichwa, anakunja ngumi, ananyoosha kidole upande wa nyumbani. Wifi akacheka kidogo, akasema huyu ndivyo alivyo, huwa anachanganyikiwa. Balozi akatoa pole na kushauri akandwe maji ya moto. Wakarudi nyumbani wote wawili.

Ukweli ulijulikana wiki ya tatu, siku ya gulio, mama huyo alipokutana na mwalimu anayefundisha watoto viziwi. Mume alimpiga kwa mpini wa jembe kwa sababu aliuliza, kwa ishara, fedha za pamba zimekwenda wapi. Shauri likaletwa kwetu tawini. Tukaita kikao. Mume akaja, mwanachama mwenye kadi, mchangiaji mzuri wa shughuli za tawi, akasema ni kweli alimgusa kidogo, hasira tu. Wazee wakamkanya, akaambiwa amnunulie mkewe kitenge, tukafunga kikao kwa dua. Mama alikaa kwenye benchi saa mbili nzima. Hakuna aliyemgeukia kumuuliza lolote. Na aliyekaa pembeni yake kama mkalimani alikuwa wifi yuleyule.

Baada ya kikao alipigwa tena.

Sasa yuko kwa kaka yake na jambo lake liko mikononi mwa vyombo vinavyohusika, kwa hiyo hatutaliongelea zaidi ya hapo. Tunachotaka kuongelea ni sisi. Tulifanya kila kitu kwa utaratibu tuliouzoea, na utaratibu wenyewe ndio uliomrudisha kwenye mpini wa jembe.

Kila mwaka tunasikia hotuba za kupinga ukatili wa kijinsia, na ni vizuri. Utafiti wa Demografia na Afya wa mwaka 2015/16 ulionyesha kwamba asilimia 40 ya wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wamewahi kupata ukatili wa kimwili. Sote tunajua kwamba mwanamke akipigwa anaweza, kwa shida, kukimbilia kwa jirani, kupiga yowe au kupanda bodaboda usiku kwenda kwao. Lakini asiyetembea akimbilie wapi, na baiskeli yake ya magurudumu imefungiwa stoo? Asiyeona ataijuaje njia, ikiwa anayemshika mkono kila siku ndiye anayempiga? Na kiziwi akipiga yowe, majirani husema ni yule bubu tena, wanageuka upande wa pili wa kitanda.

Mtu mwenye ulemavu mara nyingi anateswa na mtu huyohuyo anayemlisha, anayempeleka chooni, anayemshikia simu na kumsemea mbele za watu. Mateso yenyewe si lazima yawe ya fimbo. Kuna anayefichiwa gongo ili asitoke. Kuna mwenye ualbino ananyimwa kofia na mafuta ya ngozi kisha anapelekwa kupalilia jua la saa saba. Kuna mzee wa kiume aliyepooza, ng'ombe wake wameuzwa na wanawe, na akiuliza anaambiwa leo hakuna uji. Ndiyo, wanaume pia, na tunalisema kwa sababu kwenye vikao vyetu mwanamume akilalamika kupigwa watu hucheka. Kuna binti mwenye ulemavu wa akili anayepata mimba, na koo mbili zinakaa chini ya mti kuhesabu ng'ombe, na mtenda kosa anakunywa togwa pamoja nao.

Hilo la mwisho si suala la ng'ombe. Kumwingilia mwanamke mwenye ulemavu wa akili kwa kutumia hali yake ni jinai chini ya Kanuni ya Adhabu, na hakuna kikao cha ukoo chenye mamlaka ya kulifuta. Mwanachama atakayeketi kwenye kikao cha namna hiyo ajue kwamba ameketi peke yake, tawi halimo.

Wapo wanaosema mambo ya ndani ya nyumba yaachwe ndani ya nyumba. Tunaishi Kanda ya Ziwa na tumeshaona nyumba inavyoweza kuwa hatari. Novemba 2009, wakati Bariadi bado iko Mkoa wa Shinyanga, Mahakama Kuu iliwahukumu kifo watu wanne kwa mauaji ya mwanamume mwenye ualbino wa wilaya yetu hii. Mei 2024 huko Muleba, Kagera, mtoto mwenye ualbino wa miaka miwili alichukuliwa nyumbani kwao na kuuawa, na miongoni mwa walioshtakiwa alikuwemo baba yake mzazi. Tunayataja haya mawili kwa uchungu, si kwa kutisha watu. Miaka ile tulijifunza kumwogopa mgeni anayekuja usiku. Hatukujifunza kumtazama vizuri aliyemo ndani.

Sheria zipo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema hakuna mtu mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo, hata kama mila inasema vingine. Ilitungwa zaidi ya miaka 50 iliyopita, na bado wapo wazee wetu wanaouliza alimpiga kwa kosa gani. Mwaka 2009 nchi yetu iliridhia Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, unaotaka walindwe dhidi ya ukatili ndani na nje ya nyumba. Mwaka uliofuata ikatungwa Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Namba 9 ya 2010. Zipo pia kamati za watu wenye ulemavu na kamati za MTAKUWWA kuanzia ngazi ya kijiji na mtaa. Ukiuliza kwenye baadhi ya vijiji ni nani mjumbe wa kamati hizo, mwenyekiti anatafuta daftari. Tutauliza, na hatutasubiri daftari lipatikane.

Kuna sheria moja tunataka kila balozi aikariri. Sheria ya Ushahidi inamruhusu shahidi asiyeweza kusema kutoa ushahidi wake kwa maandishi au kwa ishara, na ushahidi huo unahesabiwa kama wa mdomo. Kama mahakama inampokea kwa ishara, balozi ni nani wa kumkataa?

Kwa sababu hiyo tawi limeamua yafuatayo, na uamuzi unaanza leo.

Kiongozi yeyote wa tawi au shina hatasuluhisha tena shauri la kipigo au la kuingiliwa kwa nguvu linalomhusu mtu mwenye ulemavu. Kazi yake ni kumsikiliza, kumweka mahali salama, na kama yeye mwenyewe yuko tayari, kumsindikiza kwenye Dawati la Jinsia na Watoto la Polisi, au kwa Afisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri. Akiwa ni mtoto hakuna kusubiri, taarifa itolewe siku hiyohiyo. Kitenge kimekwisha.

Atamsikiliza akiwa peke yake, bila mume, wifi, mama mkwe wala mtoto wa nyumba hiyo. Wakigoma kutoka, hiyo nayo ni taarifa. Kwa kiziwi, atafutwe mwalimu wa elimu maalumu au mwanachama wa CHAVITA anayejua Lugha ya Alama. Hapa tusidanganyane: wengi wa kina mama zetu viziwi hawakupelekwa shule, hawaijui Lugha ya Alama ya shuleni, wana ishara za nyumbani tu. Kwao hata mkalimani mzuri hatatosha siku ya kwanza. Itabidi kuchora kwenye mchanga, kuigiza, kuonyesha vitu na kuuliza tena na tena. Inaweza kuchukua mchana mzima. Balozi asiye na mchana mzima aseme mapema apewe mwenzake. Kwa mwenye ulemavu wa akili, maswali yawe mafupi, na asijazwe maneno mdomoni.

Aliyeumia aende hospitali akiwa na fomu ya polisi namba 3, ambayo wengi tunaiita PF3. Fomu hiyo haiuzwi. Hali ikiwa mbaya, aanze kutibiwa na fomu ifuatiliwe na mwingine. Aliyebakwa asioge, asifue nguo, nguo ziwekwe kwenye karatasi na si kwenye mfuko wa nailoni, na afike hospitali ndani ya saa 72 kwa sababu dawa za kuzuia maambukizi ya VVU hazifanyi kazi zikichelewa zaidi ya hapo. Namba ya bure ya msaada kwa watoto ni 116, na ya polisi ni 112. Ni namba nzuri, ila kiziwi hawezi kuzipiga. Kwa hiyo namba ya kiziwi ni wewe jirani.

Anapoondoka kwenye nyumba hiyo, aondoke na vitu vyake vya mwili: gongo, baiskeli, miwani, dawa za kifafa, mafuta ya ngozi, kadi ya kliniki, kitambulisho. Wengi hurudi kwa mtesaji kwa sababu gongo lilibaki. Kina mama watatu wa tawi wamekubali kupokea mtu kwa siku chache wakati ndugu wanatafutwa. Majina yao yako kwa Katibu na hayatawekwa kwenye kundi hili.

Na tukiwa kwenye kundi, kuna jambo limetuudhi. Mwezi uliopita mtu alituma humu picha ya binti mwenye ulemavu akiwa na majeraha, eti tumwombee. Ikazunguka makundi matano kabla ya saa sita. Kuanzia leo picha kama hiyo itafutwa, na aliyeituma atatolewa, awe nani.

Kuhusu fedha tutasema machache, kwani msimu wa pamba ndio huu, na kila mwaka mizani ikifunguliwa AMCOS tunasikia vilio zaidi majumbani. Katika ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo halmashauri hutenga kwa mikopo, asilimia 2 ni ya watu wenye ulemavu. Tumesikia ya mkopo uliochukuliwa kwa jina la mlemavu, akapigwa picha siku ya kukabidhiwa, kisha fedha zikanunua pikipiki ya shemeji. Diwani wetu ameombwa kufuatilia, kwenye kata, waliokopeshwa kwa jina la ulemavu wako wapi na mradi uko wapi. Mwenye ulemavu akiwa na kuku wake, cherehani yake, na simu yenye laini anayoijua namba ya siri yeye mwenyewe, anayo njia ya kutoka.

Tumeulizwa na wanachama wawili, kwa faragha, kama hatuoni kwamba tunawavunjia watu ndoa na kukipunguzia Chama kura. Yule mama kiziwi ana kadi ya kupigia kura pia. Ila hata asingekuwa nayo tungesema hivihivi. Na kwa mume yule, uanachama wake umefikishwa ngazi ya juu kwa hatua za nidhamu, michango yake ya nyuma haikuingizwa kwenye barua.

Jumamosi saa 4 asubuhi mabalozi wote wakutane ofisi ya tawi. Kila balozi aje na hesabu ya nyumba zake zenye mtu mwenye ulemavu, na aseme lini mara ya mwisho alizungumza naye yeye mwenyewe, si na wa nyumbani kwake. Mwalimu tuliyemtaja amekubali kuja kutufundisha ishara za mwanzo: jina, maumivu, nani, nyumbani, sitaki. Mama yule naye amesema atakuja. Safari hii atakaa mbele.

Imetolewa na Katibu Mwenezi,
kwa niaba ya Halmashauri Kuu ya Tawi,
Bariadi, Simiyu.