Kipaza Sauti Si Kiinua Mgongo

Imezuka kauli hapa kwetu Kengeja, nami naisikia barazani, ndani ya gari za kwendea Mkoani, na hata kwa wazazi ambao tungetaraji wawe na busara zaidi. Kijana akiulizwa kwa nini hashiki masomo, hujibu kwamba yeye atacheza mpira. Akiulizwa mpira ukimwisha miguuni atafanya nini, hujibu bila ya kupepesa macho kwamba atakuwa mchambuzi redioni. Na mzazi wake hucheka kwa kuridhika, kana kwamba mwana keshaandikiwa ajira mbili, moja ya ujanani na moja ya uzeeni. Nasema kauli hii ni ya uongo, na uongo wake unatulia watoto.

Nisidhaniwe kuwa ni adui wa mpira. Sisi walimu ndio tuliochora mistari ya viwanja vya skuli kwa majivu, na ndio tuliopuliza filimbi jioni wakati wenzetu wamejipumzisha. Ninachokipinga ni kule kudhani kwamba kipaza sauti ni kiinua mgongo cha mchezaji, na kwamba aliyefunga mabao mengi anastahiki kupewa kama mtumishi anavyopewa haki yake siku ya kustaafu.

Kwanza tupige hesabu, maana hesabu haina upendeleo. Ligi Kuu ya Tanzania Bara ina klabu 16. Hata kila klabu ikisajili wachezaji 30, jumla yao ni 480. Tangu msimu wa 2021/22 kanuni zimeruhusu klabu kusajili wageni hadi 12. Klabu zote zikiitumia ruhusa hiyo, wageni watakuwa 192, na wenyeji watabakiwa na nafasi 288. Nafasi hizo zinagombaniwa na vijana wa nchi ambayo sensa ya 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 61. Haya, katika hao 288, ni wangapi watakaostaafu na jina kubwa? Na katika wenye majina, redio na televisheni zinahitaji wangapi? Mwanafunzi wa darasa la sita anaweza kuikamilisha hesabu hiyo. Ajabu ni kwamba baba yake haioni.

Watetezi wa kauli hii wana mfano wanaoupenda, nao ni Mwingereza Gary Lineker. Kweli, mfano ni mkubwa. Mshambuliaji huyu aliifungia Uingereza mabao 48 katika michezo 80, akaongoza kwa mabao 6 katika Kombe la Dunia la 1986 kule Mexico, na hakuonyeshwa kadi hata moja katika maisha yake yote ya uchezaji. Kisha akakiongoza kipindi cha mpira cha BBC, Match of the Day, kuanzia 1999 hadi 2025. Na hawakosi kunichokoza kwa kisa cha mwalimu wake aliyeandika katika ripoti ya skuli kwamba kijana anaushughulikia mpira kupita kiasi, na kwamba hatapata riziki kwa mpira. "Waona, mwalimu?" huniambia. "Nyinyi walimu hamjui kitu!"

Mwalimu yule alikosea kutabiri, sibishi. Lakini hebu tukisome kisa mpaka mwisho. Lineker hakuikimbia skuli. Alifanya mitihani yake, ndipo akaingia klabu ya mji wake, Leicester City. Alipokwenda Barcelona mwaka 1986 alijifunza Kihispania. Alipoacha kucheza mwaka 1994 huko Nagoya, Japani, hakushuka kwenye ndege na kukalia kiti cha mtangazaji mkuu. Alianzia chini, redioni na kwenye vipindi vidogo, akiwa mchambuzi na mwanafunzi wa waliomtangulia. Miaka 5 ilipita kabla ya kukabidhiwa kipindi kile. Mabao ndiyo yaliyomfungulia mlango, lakini yaliyomweka ndani miaka 26 ni lugha, usomaji na maandalizi. Mambo hayo matatu ndiyo tunayoyafundisha sisi tusiojua kitu.

Tena angalieni alivyoondoka. Mwezi Mei 2025 alisambaza mtandaoni ujumbe uliokuwa na picha ya panya, alama iliyotumiwa zamani kuwadhalilisha Mayahudi. Alisema hakuiona picha hiyo, akaomba radhi, na kazi ikesha. Mguu ukikosea goli linapotea, na wiki ijayo kuna mchezo mwingine. Ulimi ukikosea mbele ya mamilioni ya watu hakuna mchezo wa marudiano. Kazi yenye hatari ya namna hiyo haifai kuwa zawadi ya shukurani.

Turudi kwetu Afrika Mashariki. Wakenya walikuwa na mshambuliaji Joe Kadenge na mtangazaji Leonard Mambo Mbotela. Sauti ya Mambo ikisema "Kadenge na mpira" ilivuka mipaka, mpaka ikawa msemo wa watu ambao hawakupata kuuona uso wa Kadenge. Kadenge alifariki mwaka 2019, na Mambo akamfuata mwaka 2025. Mmoja alikuwa bingwa wa mguu, wa pili bingwa wa ulimi, na kila mmoja aliisomea kazi yake. Mambo huyo huyo alikuwa na kipindi cha adabu, Je, Huu ni Ungwana?, maana alijua kwamba mtangazaji ni mlezi wa umma.

Sisemi mchezaji hawezi kuziweza kazi zote mbili. Ally Mayay aliyekuwa nahodha wa Yanga alisikika kama mchambuzi, akagombea urais wa TFF mwaka 2017 asipate, kisha mwaka 2022 akateuliwa Mkurugenzi wa Maendeleo ya Michezo serikalini. Hayo ni matunda ya kichwa kilichofanyishwa mazoezi sawa na miguu.

Lakini fungueni redio leo. Mtasikia mtu aliyekuwa na jina kubwa uwanjani akirudia sentensi moja mara nne, na kila anapokwama anaokota neno la Kizungu ambalo hata yeye hawezi kulifafanua. Januari 2025 Zanzibar iliifunga Burkina Faso 2-1 katika fainali ya Kombe la Mapinduzi, hapa kwetu Pemba, uwanja wa Gombani. Wazee wasioweza kupanda ngazi za Gombani walikuwa wanaitegemea redio. Mzee kama huyo ana haki ya kuelezwa mpira uko wapi, anao nani, na kwa nini goli limeingia, kwa Kiswahili kinachomfikia. Anayemnyima hayo anamdhulumu, hata kama zamani alifunga mabao mia.

Kwa hivyo nawataka wenye redio wawape wachezaji wa zamani mafunzo kwanza na kipaza sauti baadaye. Nawataka walimu waache kumwadhibu mtoto kwa kosa la kupenda mpira, bali wamwamuru asimulie mchezo wa jana kwa sentensi zilizokamilika. Na nawataka wazazi wa Kengeja wasimtoe kijana kidato cha pili kwa ahadi ya wakala aliyekuja siku moja na kuondoka. Goti likivunjika akiwa na miaka 20, wakala hatapokea simu, na redio haitamtafuta asiyejulikana. Cheti chake cha skuli ndicho kitakachokuwa kimebaki kabatini, ikiwa tulimwacha akipate.