Insha Uliyoandikiwa Haikufundishi Kitu

Wiki jana nilikuwa nyumbani Kisii. Mpwa wangu, kidato cha tatu katika shule moja ya Nyamira, akanijia na simu ya mamake. "Mjomba, wewe ni mtu wa kompyuta. Hebu iambie hii mashine iniandikie insha. Mwalimu anaitaka kesho."

Nikakataa. Akanuna hadi usiku, na dadangu akaniambia nina roho ngumu. Basi naweka sababu zangu hapa, maana najua si yeye peke yake.

Kazi yangu ni kuandika programu. Programu ikigoma, inatoa ujumbe wa kosa: tazama mstari fulani, kuna tatizo hili. Ujumbe huo ni mali. Mtu akiuficha ili skrini ionekane safi, hajanisaidia, amenipofusha.

Kosa kwenye daftari ni ujumbe uleule. Sisi tuliolelewa kwa Ekegusii tunajua ugonjwa wetu: lugha ya mama haitenganishi l na r. Mtoto anataka kuandika "mahali" anaandika "mahari". Anataka kula, anapiga kura. Mwalimu akiona hivyo mara tatu anajua dawa ya kumpa. Sasa mletee insha ya ChatGPT, safi kama sahani ya mgeni. Atamtibu nani? Ni sawa na kupeleka maabara damu ya jirani, kisha ungoje malaria yako ipone.

Najua jibu lenu: "Mbona kikokotoo kinaruhusiwa?" Kikokotoo kinakupa hesabu uliyoielewa. Lugha haiko hivyo. Katika somo la lugha, kule kuhangaika kutafuta neno ndilo somo lenyewe. Ukiliondoa hangaiko hilo, umebaki na karatasi tu.

Na siku ya hukumu inajulikana. Karatasi ya kwanza ya Kiswahili katika KCSE ni insha mbili, alama 40, saa 1 na dakika 45. Simu hakuna, mjomba hakuna. Uliyezoea kuandikiwa utaandika nini?

Tusiwalaumu watoto peke yao. ChatGPT ilikuja Novemba 2022, lakini wizi huu una mvi. Kabla yake kulikuwa na insha za kukariri: kila hadithi inaanza na jua likichomoza, kila mhusika anatimua mbio kama swara. Na sisi wakubwa? Vijana wengi wa Kenya wamejipatia riziki kwa kuwaandikia wanafunzi wa Marekani na Uingereza kazi zao za chuo. Nami niliandika kadhaa nikiwa chuoni, nikalipa kodi ya chumba. Mzungu alipata shahada, mimi nikapata ugali. Sijivunii.

Kwetu jambo hili lina uchungu zaidi. Matokeo ya KCSE ya 2022 yalipotangazwa Januari 2023, baadhi ya shule za Kisii na Nyamira zilipanda sana. Nchi nzima ikaguna, na kamati ya elimu ya Bunge ikalichunguza suala hilo. Simhukumu mtu hapa. Ninalosema ni hili: mwanafunzi aliyekesha na taa akapata A yake kwa jasho alitazamwa kama mwizi kwa sababu tu anatoka kwetu. Shaka ya namna hiyo haiondoki kwa kelele za redioni. Inaondoka pale mtoto wetu anapoitwa mbele, anapewa kalamu, na anaandika.

Sisemi mtupe simu. Mimi mwenyewe natumia mashine hizi kila siku kazini. Ninachosema ni mpangilio. Kwanza andika mwenyewe, kwa mkono, maneno 400, simu ikiwa chumba kingine. Ukikwama neno, fungua kamusi. Ukimaliza, hapo ndipo uiulize mashine: "Nionyeshe makosa yangu na unieleze kwa nini, usiniandikie upya." Hata hivyo usiiamini yote, maana nayo hukosea Kiswahili kwa kujiamini kabisa. Kisha mpelekee mwalimu rasimu ile ya kwanza, pamoja na mikwaruzo yake.

Nanyi walimu, naomba jambo moja. Msimpige kijembe mtoto aliyeleta makosa yake halisi huku mkimsifu aliyeleta umaridadi wa kukopa. Mkifanya hivyo mtakuwa mmefundisha wizi bila kutamka neno.

Mpwa wangu hatimaye aliandika. Ukurasa mmoja na nusu, na "mahari" ziko mbili. Nilizihesabu, nikazipigia mstari, tukacheka. Sasa anajua pa kuanzia.

Haya, wewe kazi yako ya leo umeiandika mwenyewe?