Michezo ya Ridhaa, Ridhaa ya Nani?

Suleiman Nyambui alizaliwa Majita, mkoani Mara, kando ya Ziwa Victoria. Akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Texas huko El Paso, alitwaa ubingwa wa vyuo vya Marekani wa mita 10,000 mara nne mfululizo, kuanzia 1979 hadi 1982. Katika kipindi hicho hicho, mwaka 1980, aliipatia Tanzania medali ya fedha ya mita 5,000 katika Olimpiki ya Moscow. Kanuni za vyuo za wakati ule zilimruhusu mwanamichezo kufadhiliwa masomo, lakini zilimkataza kujipatia fedha kwa jina alilolijenga kwa jasho lake.

Ukuta huo umebomoka. Tarehe 30 Septemba 2019, Gavana Gavin Newsom wa California alitia saini sheria inayovizuia vyuo vya jimbo hilo kumwadhibu mwanafunzi anayenufaika na jina na sura yake. Majimbo mengine yakafuata, na mwaka 2021 NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo nchini humo, kikalegeza kanuni zake. Juni 2025 mahakama iliidhinisha makubaliano yanayoviruhusu vyuo kuwalipa wanamichezo moja kwa moja.

Najua jibu ambalo wengi wetu hapa Mwanza tutalitoa: Wamarekani wana televisheni na mabilioni, kwetu hata nauli ya timu kwenda mashindanoni ni mtihani. Ni kweli. Lakini sheria ile ya California haikuvitaka vyuo vitoe hata senti moja. Ilitambua tu kwamba jina la mwanafunzi ni mali yake. Utambuzi wa namna hiyo hausubiri utajiri.

Sisi huiita michezo isiyo ya kulipwa michezo ya ridhaa. Basi tulichukue neno hilo kwa uzito wake. Ridhaa ni hiari ya mtu anayejua anachokikubali. Mwanafunzi anayevaa jezi ya chuo amekubali kucheza. Je, amekubali pia picha yake itumike katika tangazo la kuwavutia waombaji wapya? Akivunjika mguu uwanjani, je, aliridhia kubeba mwenyewe gharama ambazo bima yake haikuzigusa? Nimewahi kuwafundisha vijana walioingia darasani kwa magongo baada ya mechi. Sijawahi kuona hati inayoeleza nani anawajibika kwao.

Ninapendekeza kila chuo kiandikiane na wanamichezo wake mkataba mfupi, kwa Kiswahili kinachoeleweka. Picha itumike kwa idhini ya maandishi, na mfadhili akiilipia, mwanafunzi apate sehemu yake. Majeraha ya mazoezini na mashindanoni yatibiwe kwa gharama za chuo. Mgawo wa zawadi za fedha ujulikane kabla ya mashindano, si baada ya kombe kufika ofisini. Baraza la Michezo la Taifa, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, lingeweza kuongoza jambo hili.

Kijana wa kanda hii anayekwenda kukimbia katika chuo cha Marekani leo angali anabanwa na masharti ya viza ya mwanafunzi kuhusu kazi za kulipwa. Wenzake wa timu moja hufaidi haki ambayo yeye haimfikii kwa urahisi, kwa kuwa ni mgeni. Aikose huko kwa ugeni wake. Lakini hapa nyumbani tutampa sababu gani?