Fremu Moja Inatosha, Jamani!

Kuna maneno nimeyachoka. Kila tunapokutana sisi vijana tunaojiita waandishi chipukizi, hatakosa mmoja wa kusema kwamba kitabu kisicho na jalada la rangi kutoka Dar si kitabu. Mwingine anadakia: "Tusubiri mfadhili." Mswada wangu wa riwaya umejaza madaftari manne makubwa, na kwa mwendo huo utaliwa na mchwa hapa Magamba kabla mfadhili hajashuka stesheni ya Mpanda. Mimi nasema basi. Jalada la rangi nne tunaweza kulichapa wenyewe, kwa mkono, kwa fremu moja tu.

Najua mtacheka. Kwetu uchapaji wa skrini ni fulana za kampeni na nembo za shule. Mwenye duka mmoja alinipigia hesabu bila hata kuinua kichwa: rangi nne, skrini nne, lipa mara nne. Kwa njia yake hakukosea. Kinachoniudhi ni kuambiwa hakuna njia nyingine.

Ipo. Unaunda fremu ya mbao, unaiwamba kitambaa chepesi cha nailoni mpaka kilie kama ngoma, unaifunga mezani kwa bawaba mbili za mlango. Gundisha vipande vya karatasi ngumu mezani viwe kona, ili kila karatasi ikae palepale kila mara. Chora picha juu ya kitambaa kwa penseli. Sehemu zitakazobaki nyeupe zipake gundi ya maji, iache ikauke. Mwaga rangi ya mafuta ya njano, ivute kwa kipande cha mpira kilichobanwa kwenye ubao. Chapa karatasi zote. Zote, bwana, siyo tano za kujaribia! Safisha fremu kwa mafuta ya taa. Gundi haitoki, maana adui yake ni maji. Anika karatasi kwenye kamba kwa vibanio vya nguo, na uwe na subira, hasa masika. Zikishakauka, ziba kwa gundi zile sehemu unazotaka zibaki njano, halafu chapa rangi ya chungwa. Ziba tena, chapa nyekundu. Nyeusi inakuja mwisho, ikipenya kwenye vijinjia vichache vilivyobaki wazi. Unatoka kwenye rangi nyepesi kwenda nzito kwa sababu nyeusi hufunika njano, lakini njano haiwezi kuifunika nyeusi.

Hapo ndipo wapinzani wangu wananirukia. "Ukifika kwenye nyeusi, njano umeshaizika! Huwezi kuongeza hata nakala moja!" Kweli kabisa. Ndiyo maana ukitaka nakala 60 unaanza na karatasi 75, kwa kuwa nyingine zitakaa upande na kuharibika. Kwa kitabu cha kiada njia hii haifai, sibishi. Lakini hivi, nani kati yetu ameombwa nakala elfu tano? Tunalilia toleo la pili la vitabu ambavyo la kwanza halijaonekana!

Na msiseme ni ubabaishaji wa watu wa bara. Picasso, mwishoni mwa miaka ya 1950, alichapa picha za rangi nyingi kutoka kipande kimoja cha linoleamu, akikichonga zaidi baada ya kila rangi. Jirani zetu Uganda wanaye Fred Mutebi, aliyejulikana kwa kuchapa rangi nyingi kutoka ubao mmoja kwa mtindo huohuo. Pale Nyumba ya Sanaa, Dar es Salaam, kina George Lilanga na Robino Ntila walichapa picha kutoka mabamba yaliyolika kwa asidi. Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki mwaka 1972, alipaka rangi za madukani kwenye vibao vya kawaida. Hakungoja turubai kutoka Ulaya. (Leo ukimwambia mtu unachora, anakuuliza tembo wako wako wapi. Ukitaja unatoka Katavi, anataka kiboko!)

Jambo lenyewe hasa ni hili. Tumezoea kuandika kwa sharti kwamba mtu wa mbali atatumalizia kazi: atapiga chapa, atachora, ataamua kama tunafaa. Akikaa kimya, nasi tunakaa kimya. Nawajua wenzangu watatu walioacha kuandika hivyo hivyo, na mmoja wao alikuwa na kipaji kunishinda mimi.

Mimi jalada langu nimeshalichora: reli, mti wa mwembe, na jua linazama. Fremu imewambwa tayari. Kinachopungua ni karatasi 75, kopo la rangi nyeusi, na mikono miwili ya kuanika wakati mimi navuta rangi. Mwenye nia aje Jumamosi asubuhi, avae nguo kuukuu.