Ploti Kimuka, Mnunuzi Yuko Doha



Meseji za aina hii nishazizoea. "Kakangu yuko Doha, alituma pesa ya ploti Kimuka, sasa broka hashiki simu." Nikiuliza mmefanya nini, naambiwa wazee walikaa kikao, broka akaapa kurudisha pesa baada ya mwezi. Huo mwezi sasa ni miaka miwili. Hapo ndipo mimi huwaka. Kaeni vikao, lakini kikao hakisimamishi muda wa kisheria.

Na muda upo. Kudai pesa kwa msingi wa mkataba una miaka 6. Kudai ardhi yenyewe, 12. Kukiwa na ulaghai, hesabu huanza siku ulipougundua, au siku ambayo ungeugundua kama ungekuwa makini. Jumbe za WhatsApp hazikupi ploti, kwa sababu mkataba wa ardhi lazima uandikwe, usainiwe na ushuhudiwe. Lakini pamoja na risiti za benki zinaweza kuthibitisha kwamba pesa ililiwa. Msizifute.

Ndugu yako hahitaji kupanda ndege. Anaweza kukupa hati ya uwakili, aisaini kule mbele ya mthibitishaji wa hati, isajiliwe hapa, kisha wakili afungue kesi Mahakama ya Mazingira na Ardhi, Kajiado. Kama ardhi ipo na unaogopa itauzwa tena, ombeni msajili wa ardhi aweke zuio mapema. Na muende DCI pia. Polisi wakikwambia "hii ni ya madai, nenda kortini", kariri kifungu 193A cha Sheria ya Mwenendo wa Jinai: kesi ya madai haizuii ya jinai.

Wenye pasipoti za nje wana shida yao. Katiba, kifungu 65, inamruhusu asiye raia kukodi ardhi kwa miaka isiyozidi 99 tu. Na ardhi ya kilimo, ambayo Kajiado ni tele, inahitaji idhini ya Bodi ya Udhibiti wa Ardhi, na bodi hutakiwa kumnyima asiye raia. Kwa hivyo shangazi aliyepoteza uraia wa Kenya kabla ya 2010 na hajaomba kurudishiwa, broka anamuuzia hewa. Lakini sikizeni: mauzo yasiyo na idhini ni batili, na sheria hiyo hiyo inasema pesa iliyolipwa inadaiwa kama deni. Wengi hawajui hili, wanakata tamaa bure.

Wala hati pekee isikulaze usingizi. Aprili 2023, kwenye kesi ya Dina Management na Kaunti ya Mombasa, Mahakama ya Juu ilikataa kumlinda mnunuzi mwenye hati kwa sababu ardhi ilitolewa kinyume cha sheria tangu mwanzo.

Sasa sisi tulio huku. Mara nyingi ni sisi tunaotumwa "kuangalia ploti", tunapiga picha ya fensi, tunanunuliwa soda na broka, tunatuma "iko poa". Kaka analipa kwa neno letu! Ukitumwa Kimuka Jumamosi hii, anza na utafutaji rasmi kwa jina la muuzaji na nambari ya ardhi. Halafu mwache broka kwa gari, utembee hadi boma la jirani umuulize hapo ni kwa nani.